Kabla Hujaandika "Utamadunisho": Mwongozo kwa Mwanafunzi Anayekwenda Msibani

Wanafunzi wa ukatekista wakifika hatua ya kuandika insha ya mwisho, wengi huniletea kichwa kilekile: "Mchango wa Utamaduni wa Kisukuma katika Imani ya Kikristo." Nakirudisha. Ni kikubwa mno, tena kina tabia ya kujiandika chenyewe. Ukurasa wa kwanza wamisionari wanachoma ngoma. Wa pili, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa 1962 hadi 1965, unafungua madirisha. Wa tatu, Papa Paulo VI yuko Kampala mwaka 1969 anawaambia Waafrika kwamba wanaweza kuwa na Ukristo wa Kiafrika, na wanapaswa kuwa nao. Halafu hitimisho: tudumishe mila nzuri, tuache mila mbaya. Ukimaliza kuisoma hujakutana na mtu hata mmoja. Hakuna anayelia humo, hakuna anayedaiwa, hakuna anayekataa.

Mwongozo huu ni wa kukuepusha na insha hiyo, na kulikimbilia neno "utamadunisho," yaani imani kuchukua sura ya utamaduni wa watu. Nafundisha Mwanza, kwetu ni Magu, ni Mkatoliki, kwa hiyo mifano yangu ni ya huku. Wewe wa Moravian Tukuyu au Mlutheri wa Machame utabadilisha majina na vyakula. Kazi ni ileile.

Chagua tendo, usichague kabila

Anza na jambo moja ambalo watu wa kigango chako hulifanya bila kuagizwa na padre. Lisiwe kwenye kitabu cha misa, na lisiwe limepigwa marufuku. Tafuta pale katikati, ambapo Kanisa limenyamaza na watu wanaendelea na mambo yao. Ubatizo una jina la mtoto: nani alilichagua, na kwa nini yule aliyelia wiki nzima alitulia alipoitwa jina la babu? Ndoa ina ng'ombe. Nyumba mpya ina kuku aliyechinjwa usiku, na asubuhi padre anakuja na maji ya baraka wala haambiwi kitu. Mapacha wana mambo yao, na huku kwetu mambo hayo ni mengi kiasi kwamba Kulwa na Doto watakutosha insha nzima. Ukipenda nyimbo, mtafute kwanza Padre Stephen Mbunga, Mtanzania aliyeandika juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu mwaka 1963, Mtaguso haujafungwa bado.

Mimi wengi huwapeleka msibani, kwa sababu msiba hauna mazoezi. Harusi ina kamati, ina MC, na kila anayeangaliwa anajua kuwa anaangaliwa. Msibani watu wamechoka, wamelala kwenye mikeka siku tatu, wanaongea wanachofikiri.

Na nikisema msibani sina maana ya misa ya mazishi. Misa ya mazishi ya Kisesa huku kwetu na ya Kraków kule Poland zinafuata kitabu kimoja. Kinachokuhusu wewe kinaanza padre akishavua stola na kuulizia gari lake.

Fika mapema, omba kazi

Usifike na daftari mkononi. Daftari la msibani ni la rambirambi, na mtu mwingine mwenye daftari atadhaniwa ni mdai au ni mtu wa serikali. Kama u mwanamume nenda na vijana wanaochimba kaburi au wanaopasua kuni. Kama u mwanamke, kazi itakukuta hata hujaomba, utajikuta unachambua mchele ukiwa na watu ambao hujawahi kuwaona. Hapo ndipo mahali pako. Simu ikae mfukoni. Ukisikia jambo, zunguka nyuma ya nyumba uandike maneno mawili matatu, mengine utayajaza usiku.

Andika maneno yenyewe kwa lugha iliyotumika. Mama akisema kwa Kisukuma, andika Kisukuma. Ukitafsiri papo hapo utajikuta umeandika katekisimu, maana Kiswahili chetu cha kanisani kimeshanyooshwa. Bibi anayesema kwa Kisukuma kwamba marehemu "amewakuta wenzake" utamwandika kwa Kiswahili kwamba alisema "ameingia katika raha ya milele," na ushahidi wako umekufa hapo hapo.

Ruhusa ni lazima. Kabla ya mambo yote mwone mwenyekiti wa jumuiya, yeye akupeleke kwa msemaji wa familia. Mweleze unachofanya kwa lugha ya kawaida: unajifunza jinsi watu wa hapa wanavyoelewa kifo na Mungu. Usiseme "utafiti," watauliza fedha za mradi ziko wapi. Majina ya watu hayaingii kwenye insha, wala jina la kitongoji ikiwa familia ni ndogo na inajulikana.

Sasa usikilize nini? Nitakupa mfano mmoja kwa urefu, kwa sababu ndio uliobadilisha namna ninavyofundisha.

Kaburi likishafunikwa na mashada yakishawekwa, msemaji wa familia husimama. Anamshukuru padre, kwaya, serikali ya kijiji, waliochimba, waliopika. Kisha anasema: kama kuna aliyekuwa akimdai marehemu, aje aione familia, na kama kuna aliyekuwa akidaiwa na marehemu, naye aje. Watu hucheka kidogo hapo, kwa sababu kila mtu anajua wadai watakuja mbio na wadaiwa watapotelea mnadani. Mwanafunzi wa kawaida huona hilo ni tangazo kama matangazo mengine, analiandika katikati ya ratiba ya chakula na muda wa basi kuondoka.

Binti mmoja niliyemsimamia hakuliruka. Baada ya siku kadhaa alimrudia yule msemaji, mzee wa makamo mwenye kofia ya pama, akamuuliza kwa nini deni lisisubiri mpaka arobaini, watu wakishapumua. Mzee alimjibu kwa Kisukuma, na yeye akaandika Kisukuma: hawezi kupokelewa na wenzake akiwa na ng'ombe wa mtu. Binti akauliza wenzake ni akina nani. Mzee akaelekeza kidevu kwenye makaburi ya pembeni mwa boma. Mawili yalikuwa na misalaba ya saruji. Mengine yalikuwa mawe tu, na moja lilikuwa kichuguu ambacho mgeni asingejua ni kaburi.

Simama hapo na binti huyo. Una sentensi moja na kidevu kimoja, na tayari una teolojia ya kifo. Kufa ni kupokelewa. Wanaopokea ni wa ukoo, waliobatizwa na wasiobatizwa wakiwa kundi moja. Kuna hukumu, na kikao chake cha kwanza kiko hapa, mbele ya majirani, mchana kweupe. Na hukumu hiyo walio hai wanaweza kuilipia.

Mwanafunzi mwenye haraka ataruka aseme: aha, hii ni toharani, ambako marehemu hutakaswa kabla ya kuingia mbinguni! Mzuie mwanafunzi huyo, hasa akiwa ni wewe. Ni kweli Kanisa linafundisha kwamba walio hai wanaweza kuwasaidia marehemu, na ndiyo maana tunasema "raha ya milele umpe ee Bwana." Lakini katekista akifundisha toharani, deni ni la dhambi na anayedaiwa anasimama mbele ya Mungu. Deni la yule mzee lina jirani mwenye jina na ng'ombe mwenye rangi inayojulikana. Ukimlipa Mungu kwa misa na ng'ombe hajarudi, kwa mzee huyu bado marehemu amesimama nje ya lango. Tofauti hiyo ndiyo insha. Binti aliandika kurasa kumi na nne juu yake na hakutumia neno "utamadunisho" mpaka ya kumi na mbili.

Omba kuona bahasha ya Novemba

Msiba ukiisha, subiri Novemba. Familia nyingi za Kikatoliki huku huandika majina ya marehemu wao kwenye karatasi, mara nyingi ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule, wanaikunja ndani ya bahasha pamoja na sadaka, na bahasha zinawekwa altareni zikiombewa mwezi mzima. Hakuna aliyefundisha jinsi ya kupanga majina hayo. Kwa hiyo namna yalivyopangwa ni mafundisho ya familia yenyewe.

Usiombe kuchukua karatasi. Omba ukae wakati inaandikwa. Mara nyingi mwandishi ni mjukuu wa sekondari na anayetaja majina ni bibi. Angalia anaanza na nani: aliyekufa karibuni, au mwanzilishi wa boma? Angalia vizazi vinafika wapi. John Mbiti, Mwanglikana wa Kenya, aliandika mwaka 1969 kwamba aliyekufa anaendelea kuwa hai kwa namna fulani maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina, na kwamba baada ya vizazi vinne au vitano anatoka kwenye Sasa anazama kwenye Zamani. Wasomi wamebishana naye miaka mingi kuhusu hilo la wakati. Wewe una bahasha, hesabu vizazi. Je, karatasi ikibaki parokiani mwaka hadi mwaka na mjukuu akaanza kunakili ya mwaka jana badala ya kumuuliza bibi, mababu waliokuwa wanasahaulika wataacha kusahaulika? Hilo ni swali zuri, na sijaona mwanafunzi akilifikisha mwisho.

Angalia pia wasiobatizwa. Babu aliyekufa kabla padre hajafika kijijini yumo kwenye karatasi au hayumo? Mara nyingi yumo, na hakuna anayeuliza kama inaruhusiwa. Nchini Kongo walilichukua jambo hili wakaliweka wazi: misale (kitabu cha misa) ya majimbo ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, inawaita mababu wenye mioyo minyofu mwanzoni mwa misa pamoja na watakatifu. Huku kwetu wanaingia kwa bahasha.

Kisha angalia asiyekuwemo. Hapa nenda taratibu. Kuna mtoto aliyekufa kabla hajapewa jina. Kuna aliyejinyonga. Na kuna bibi aliyesemwa uchawi. Usukuma tunalo jeraha hili: vikongwe wamekatwa mapanga kwa tuhuma, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Ukikuta familia yenye bibi wa namna hiyo na jina lake halipo kwenye karatasi, usiulize mbele ya watu, wala usiliandike kwa haraka. Lakini ujue kwamba ukirudi darasani ukasema kwa sauti tamu kwamba "Mwafrika huwaheshimu wahenga wake," bibi huyo atakuwa anakungoja. Nani anakuwa mhenga, na kura anapiga nani? Teolojia ya mababu isiyo na jibu la swali hilo huku kwetu haitoshi, hata ikiwa imechapwa Nairobi kwa karatasi nzuri.

Uliza mila ni ya lini, na ni nani aliyeiandika

Kwenye kikao cha ukoo, siku ya kumaliza msiba, utasikia mtu akisema: "Kwa mila zetu mjane harithi." Usiandike kwamba kwa mila za Wasukuma mjane harithi, ukaweka nukta. Uliza imetoka wapi.

Sehemu yake imetoka ofisini. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, aliandika sheria na desturi za Wasukuma, na kitabu kikachapwa mwaka 1953. Mazungumzo ya kikao cha wazee yana kubishana, kupima, na kuangalia mjane huyu ni wa namna gani na ana watoto wangapi. Yakishawekwa kwenye vifungu vyenye namba, kubishana kunakwisha. Mwaka 1963 utemi, yaani uchifu, ulifutwa, na mwaka huohuo serikali ya uhuru ikatangaza sheria za kimila kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, kwa kujengea kazi ya Cory. Tangazo la mirathi, namba 436, mawakili bado wanalitaja mahakamani. Watemi waliondoka, karatasi ikabaki. Leo shemeji anayemfukuza mjane anaiita karatasi hiyo sauti ya mababu, na katekista mwoga anatikisa kichwa kwa heshima.

Nalisema hili kwa sababu mnapenda kuandika kana kwamba utamaduni ulikuwa umekaa safi chini ya mti, mkoloni akaja akauharibu, na kazi ya teolojia ni kuufuta vumbi. Kila mila utakayoikuta ina historia, na mara nyingi ina mwenyewe. Tazama Zaire tena. Rais Mobutu alipoanzisha siasa yake ya uhalisi, mwaka 1972 alipiga marufuku majina ya Kikristo, watu wachukue majina ya asili. Aliyempinga ni Kardinali Malula wa Kinshasa, yuleyule aliyekuwa mbele kabisa kutaka misa yenye ngoma na sala za Kiafrika. Alilazimika kukaa Roma kwa miezi. Wote wawili walisema "Uafrika." Mmoja aliutaka kwa ajili ya altare, mwingine kwa ajili ya ikulu. Ukiandika bila kuuliza utamaduni huu unamsaidia nani, hutajua unamfuata yupi.

Kwa hiyo kwenye kila kikao cha ukoo, andika nani ameketi kwenye kiti, nani yuko kwenye mkeka, nani yuko jikoni na anasikia kupitia ukuta. Kisha nenda jikoni ukaulize walisikia nini. Musimbi Kanyoro wa Kenya na wenzake wa ule umoja wa wanateolojia wanawake wa Afrika ulioanzia Accra mwaka 1989 walisisitiza jambo hili: utamaduni nao ni andiko, unasomwa na kuhojiwa kama Biblia inavyosomwa na kuhojiwa, na wanawake wawemo kati ya wanaohoji. Wanafunzi wa kiume wakati mwingine hukunja uso nikifika hapa. Nawaambia waende jikoni kwanza, tukunjiane nyuso baadaye.

Sasa fungua vitabu

Sasa, usifungue mapema. Anayesoma Nyamiti kabla ya kwenda msibani atamwona Nyamiti kila mahali.

Lakini msome. Charles Nyamiti alikuwa padre wa upande wa Tabora, mtu wa Unyamwezi, yaani ndugu na jirani zetu, na alifundisha miaka mingi katika chuo kikuu cha Kikatoliki Nairobi. Kitabu chake cha mwaka 1984 kinamweleza Kristo kuwa mhenga wetu, tena mhenga aliye kaka. Anataja mambo yanayomfanya mtu awe mhenga: undugu na walio hai, hadhi takatifu anayoipata kwa kufa, kuwa mpatanishi, kuwa mfano wa kuigwa, na haki ya kuendelea kuwasiliana na jamaa zake kwa utaratibu. Yapange hayo upande mmoja wa karatasi, maelezo yako ya msibani upande wa pili, uone nini kinakaa na nini kinabaki bila mwenzake.

Undugu upo. Mawasiliano yapo, bahasha ni ushahidi. Mfano wa kuigwa unayumba: wengi kwenye karatasi hawakuwa mfano wa kitu, mmoja alikuwa mlevi anayejulikana kata nzima, na yumo kwa sababu ni baba. Na deni la ng'ombe halina mahali kwenye orodha ya Nyamiti. Kwake mhenga anasimama kati ya walio hai na Mungu. Kwa mzee wa kofia ya pama, walio hai ndio wanaosimama kati ya marehemu na wahenga, wakilipa. Ukiona hivyo usifikiri umemshinda Nyamiti. Umepata mahali pa kuongea naye, na hiyo ndiyo maana ya kumsoma.

Bénézet Bujo wa Kongo alimwita Kristo mhenga wa kwanza kabisa, chanzo cha wengine wote, na alijali zaidi maadili kuliko hadhi. Laurenti Magesa wa Musoma atakusaidia kama jambo lako ni uzima: mvua, mazao, watoto, ugonjwa. Chagua mmoja. Insha yenye wanateolojia saba ni msafara, haina muda wa kusimama popote.

Bujora iwe ya mwisho

Kila mwanafunzi anataka kuanzia Bujora, na namwelewa. Iko Kisesa, barabara ya Musoma, kama kilomita 20 kutoka Mwanza mjini, na inapigika picha vizuri. Kuanzia miaka ya 1950 Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, alijenga pale kanisa la mviringo kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na pembeni yake makumbusho. Ukiandika juu ya jengo utaandika juu ya alichofikiri Clement, ambaye alifikiri vizuri. Watu hawamo bado.

Nenda wakati wa Bulabo, sherehe ya ngoma inayofanyika baada ya sikukuu ya Ekaristi, mwezi wa sita. Kuna misa na maandamano ya Sakramenti, halafu kuna mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji wa Kisukuma. Simulizi zinawarudisha kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindania nani ana dawa kali zaidi. Utaratibu wa mashindano ndio unaotakiwa kuuangalia: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila moja na duara lake. Mshindi ni mwenye watazamaji wengi. Kwa hiyo watu wanahama. Nyoka akitolewa upande huu, wanakimbilia huku, jembe likirushwa juu na kudakwa upande ule, wanarudi kule, wamama wenye watoto mgongoni wakiwa mbele. Simama katikati, utakanyagwa.

Kilichovuta watu, kwa imani ya zamani, kilikuwa dawa. Kila kundi lilikuwa na ya kwake ya kuteka umati. Ndiyo maana wamisionari wengine walizikataa ngoma hizi moja kwa moja. Kanisa la Bujora liliyachukua mashindano pamoja na swali lake la nguvu, likayaweka jirani na maandamano ya Ekaristi. Sasa uliza: mchezaji aliyepokea komunyo asubuhi anaingia uwanjani na nini? Mkate uliobebwa kwenye monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, una nguvu ya namna ileile na tofauti ni ukubwa tu, au ni ya namna nyingine kabisa? Usimwulize padre, ana jibu la kitabuni. Muulize mchezaji jioni, akishapata maji. Atajibu kwa uangalifu kuliko unavyotarajia.

Mtafute anayepinga

Katika kila ukoo kuna mmoja aliyeokoka. Hali chakula kilichopikwa baada ya kikao, hanyoi nywele, anasema mambo ya makaburi ni mizimu na mizimu ni mapepo. Wanafunzi Wakatoliki humwandika kwa mstari mmoja, "baadhi ya Walokole hupinga," kana kwamba yeye hana utamaduni. Kaa naye. Utagundua anaamini katika nguvu ya mizimu kuliko mtu yeyote pale msibani. Mmisionari wa zamani alisema mizimu haipo. Huyu anasema ipo, ina njaa, inajua majina yetu, na damu ya Yesu ndiyo pekee inayoifunga. Hiyo nayo ni teolojia iliyofinyangwa hapahapa, na wapo wanaokwenda kusali pamoja naye kwa sababu anachukulia kwa uzito jambo ambalo sisi tunalipaka chokaa. Mpe kurasa zake, angalau mbili, kwa maneno yake.

Kuandika na kurudisha

Weka tendo mbele, kwa urefu, msomaji alione. Kisha maneno ya watu, lugha yao, na tafsiri chini yake. Kisha anayepinga. Kisha kitabu chako kimoja. Mwisho weka swali ambalo paroko anatakiwa kulijibu Jumapili ijayo: kwa mfano, je, kwenye mazishi ya kigango hiki tutangaze madeni ndani ya ibada, kabla ya baraka ya mwisho, au tuliache tangazo hilo kwa familia kama ilivyo? Liwe swali ambalo mtu anaweza kusema ndiyo au hapana, na kuna atakayekasirika. Kurasa kumi na tano zinatosha. Usimalizie na mila nzuri na mila mbaya.

Kabla ya kuniletea, peleka kijijini. Omba nusu saa baada ya sala ya jumuiya, usome kwa sauti sehemu ya tendo na sehemu ya maneno, kwa Kisukuma pale palipo na Kisukuma. Utasahihishwa. Bibi atasema sivyo alivyosema, au ndivyo alivyosema lakini hukuandika aliyoyasema baadaye. Mzee atataka sentensi moja itoke kwa sababu ya majirani, itoe. Mtu wa tatu atapinga wawili wa kwanza na mtachelewa kula. Andika masahihisho hayo yote pembeni mwa ukurasa kwa kalamu ya rangi nyingine na uyaache yaonekane kwenye nakala ya mwisho, mimi husoma hayo kwanza. Nakala moja niletee, ya pili mpe katibu wa jumuiya aiweke pamoja na daftari la mahudhurio. Nauli ya kurudi kijijini iweke kwenye bajeti tangu mwanzo, chuo hakirudishi.